Silikoni inanata, inatoa mapovu au inanuka: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko kuhusu silikoni huwa ni yaleyale: imegoma kushika, imejaa matundu, inanuka, inatoa mafuta, imegeuka njano. Na ushauri anaopewa fundi nao huwa uleule: ongeza hadina, yaani dawa ya kugandishia. Ushauri huo umeharibu kazi nyingi kuliko hitilafu zenyewe. Karibu kila kasoro ya silikoni inatokana na jambo moja kati ya mawili. Ama mmenyuko umekwenda njia ambayo hukuitaka, ama umekwenda sawasawa lakini zao lake la ziada halijapata pa kutokea. Hadina ya kuongeza haitibu hata moja.

Kwanza ujue una silikoni gani

Kopo likiwa na lebo, soma. Lebo ikiwa imebanduka, tazama uwiano. Hadina nyepesi kama maji inayotiwa asilimia 2 hadi 5 kwa uzito karibu kila mara ni ya silikoni ya bati: kichocheo ni kampaundi ya bati, na kila minyororo miwili inapofungwa pamoja hutoka alkoholi kidogo, kwa kawaida ethanoli. Sehemu A na B zinazochanganywa 1:1 au 10:1 mara nyingi ni silikoni ya platini. Humo kundi la Si–H (atomi ya silikoni iliyoshika haidrojeni) la mnyororo mmoja hujiunga na kundi la vinili (lenye kifungo maradufu) la mwingine, na kwa hesabu ya karatasini hakuna kinachobaki nje. Silikoni ya mrija, ile ya kuzibia vioo na masinki, hukomaa kwa unyevu wa hewa na kutoa asidi ya asetiki, oksimu au methanoli kutegemea aina. Kuna pia mpira mzito wa silikoni unaokandwa kwa mashine na kukomazwa kwa moto na peroksaidi, nao hubaki na masalia ya peroksaidi ndani yake.

Usichukue ushauri wa aina moja ukautumia kwa nyingine. Platini hupenda joto lakini hushindwa na uchafu kidogo tu. Bati huvumilia uchafu, huhitaji unyevu kidogo, na haistahimili kufungiwa ndani ya joto.

Dalili: haishiki, au imeshika ndani lakini uso unanata

Kabla ya kulaumu dawa, fanya jaribio la kikombe. Kila unapomimina, bakiza kidogo ndani ya kikombe safi cha plastiki na ukiweke kando ya moldi. Kikombe na moldi vyote vikibaki majimaji, kosa liko kwenye mchanganyiko. Kikombe kikishika vizuri huku uso uliogusa kifani (kile kitu unachokitolea moldi) ukinata, kifani ndicho chenye sumu. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linalorukwa kuliko yote.

Kosa likiwa kwenye mchanganyiko, chanzo cha kwanza ni kipimo. Watu hupima kwa macho, au kwa mizani ya jikoni inayoruka gramu 5 kwa gramu 5, kisha hushangaa gramu 3 za hadina zikikosewa. Kwa mchanganyiko mdogo tumia mizani inayosoma gramu 0.1 au chini ya hapo. Chanzo cha pili ni kukoroga katikati na kuacha kuta na pembe za chini: ukiona mabaka laini ndani ya kipande kilichoshika, ndicho hicho. Koroga, kwangua kuta, hamishia chombo cha pili, koroga tena. Cha tatu ni baridi. Platini inayoshika kwa saa 4 Dar es Salaam inaweza kuchukua usiku kucha Njombe mwezi wa Julai, na hapo haina ugonjwa wowote. Ipashe moto hadi 40 au 50 °C uone. Cha nne, hasa kwa bati, ni hadina iliyoachwa wazi: imevuta unyevu wa hewa na kuanza kuharibika ndani ya chupa. Ukikuta chembe nyeupe au utando, usiichuje. Nunua nyingine.

Kosa likiwa kwenye kifani, na silikoni ni ya platini, orodha ya maadui inajulikana: salfa, amini, kampaundi za bati na za fosforasi. Kwa lugha ya karakana, ni glavu za mpira wa asili, udongo wa kuchongea wenye salfa, epoksi iliyotumia hadina ya amini na haijakomaa sawasawa, vifani vilivyochapwa kwa resini inayoganda kwa mwanga, na moldi yoyote ya silikoni ya bati. Sumu hizi huikamata platini na kuifunga isifanye kazi. Kwa kuwa platini yenyewe imo kwa sehemu chache tu katika milioni, uchafu usioonekana kwa jicho unatosha kuimaliza.

Anza na rahisi. Tupa glavu za mpira wa asili, tumia za vinili. Tenga vijiti na vikombe vya platini na vya bati, visikutane hata kwenye beseni la kuoshea. Kifani kilichochapwa kwa resini kioshe vizuri, kikaushe kwa mwanga wake, kisha kioke kwenye 60 °C kwa saa kadhaa ili masalia yatoke. Baada ya hapo pulizia vanishi ya akriliki isiyo na rangi, iache ikauke kabisa, ujaribu pembe moja kwanza. Vanishi husaidia mara nyingi, si kila mara. Ikishindikana, kifani hicho kitengenezee moldi kwa silikoni ya bati, wala usigombane nacho.

Usiongeze platini. Ile ya ziada itakamatwa na sumu ileile pale usoni, na katikati utabaki na silikoni inayoshika kabla hujamaliza kumimina.

Dalili: mapovu na matundu

Kuna mapovu ya hewa uliyoiingiza mwenyewe, na kuna mapovu ya gesi inayozaliwa ndani. Yatenganishe kwanza, maana aina ya pili inaweza kuua mtu.

Mapovu ya hewa huonekana tangu unapomimina. Yametawanyika, ya duara, mengi yakipanda juu. Koroga polepole, mimina kwa uzi mwembamba kwenye kona moja na uache silikoni itambae yenyewe kufunika kifani. Mwenye pampu ya kunyonya hewa atumie chombo chenye nafasi ya angalau mara 4 ya ujazo wa silikoni, kwa sababu itafura, itapanda, kisha itaanguka ghafla. Ikishaanguka, dakika 2 zaidi zinatosha. Chupa ya kawaida ya kioo usiitumie kama chumba cha ombwe, hupasukia ndani.

Mapovu ya gesi huanza baadaye, huendelea kukua wakati silikoni inashika, na mara nyingi hujipanga kando ya kitu fulani: jasi isiyokauka, mbao, rangi ya unga yenye unyevu. Hiyo ni haidrojeni. Kundi la Si–H lililokusudiwa kujiunga na vinili limekutana na maji au alkoholi mbele ya kichocheo, likatoa gesi badala ya kujenga mnyororo. Pigo ni mara mbili: una matundu, na una uhaba wa viungo vya kufungia, kwa hiyo kipande hubaki laini. Kausha jasi hadi uzito wake usishuke tena. Chombo ulichokisafisha kwa spiriti kiache kikauke kabisa. Rangi na vijazio vioke kabla ya kutumia. Pwani, msimu wa masika, kopo lililoachwa wazi usiku mmoja linatosha kuharibu.

Sasa lile la hatari. Si–H ikikutana na kitu chenye asili ya alkali haihitaji platini ili itoe haidrojeni. Kostiki ya watengeneza sabuni, majivu, sabuni ya unga, amini, hata chombo kilichosuuzwa vibaya baada ya kuoshwa kwa soda, vyote vinafaa kwa ubaya huo. Kilo 1 ya majimaji ya polimethilihaidrosiloksani (mafuta ya silikoni yenye Si–H), ikimenyuka yote, hutoa takriban lita 400 za haidrojeni kwenye joto la kawaida, na haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Tarehe 3 Mei 2019, katika kiwanda cha silikoni mjini Waukegan, jimbo la Illinois, Marekani, majimaji yenye Si–H yalichanganywa na kemikali isiyopatana nayo. Gesi ikajaa jengo, ikalipuka, wafanyakazi 4 wakafariki. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa na wachunguzi ni mapipa yaliyofanana kuwekewa kemikali zisizopatana. Mtu anayemimina sabuni asubuhi na silikoni jioni katika chumba kimoja, kwa ndoo zilezile nyeupe, anapaswa kulifikiria hilo.

Acha kazi mara moja ukiona kopo la sehemu B, au la kiungo cha kufungia, limevimba, linafoka, au lina povu lisiloisha. Usikaze kifuniko, usilitikise, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Toa watu nje na piga simu zimamoto, 114 kwa Tanzania. Ukiweza kufungua milango huku ukitoka, fungua, lakini usirudi ndani kwa ajili hiyo.

Dalili: inanuka, au inatoa moshi ikiingia oveni

Harufu ya siki kwenye silikoni ya mrija ni ya kawaida: ni asidi ya asetiki, na huisha kadiri inavyokomaa, milimita 2 hadi 3 hivi kwa siku kutoka nje kwenda ndani. Ukijaza shimo la sentimita 3 kwa mara moja, umeifungia asidi humo kwa wiki kadhaa. Paka tabaka nyembamba. Karibu na shaba, marumaru au saruji usitumie hiyo ya siki kabisa, maana itakula metali na kuacha alama kwenye jiwe. Tafuta inayotoa alkoholi.

Moldi ya keki inayonuka ni suala jingine. Hata silikoni nzuri ya platini hubaki na siloksani ndogo (molekuli fupi za silikoni) ambazo hazikufungwa na mnyororo wowote, na zile za peroksaidi zina masalia ya ziada. Tiba yake ni kuoka baada ya kukomaa: saa 4 kwenye 200 °C, hewa mpya ikiingia na ile ya ndani ikitoka muda wote. Kipande kinene kipandishwe kwa hatua, 100, kisha 150, kisha 200 °C, kisije kikapasuka. Hewa si pambo hapa. Bila kutoka, mvuke hurudi na kutua palepale, au hukusanyika hadi ukafika kiwango cha kuwaka. Isitoshe, silikoni ikizidi 150 °C penye hewa huweza kutoa formaldehidi kidogo. Oveni ya kupikia chakula isitumike kwa kazi hii, ya gesi yenye mwale wazi ndiyo kabisa.

Kujua kama imetosha, pima. Chukua kipande cha gramu 10.00, kioke saa 4 kwenye 200 °C, kiache kipoe ndani ya chupa kavu, kipime tena. Kikisoma 9.96 umepoteza asilimia 0.4. Kikisoma 9.93 ni asilimia 0.7, na mzigo urudi ovenini, maana kipimo cha Ujerumani kwa silikoni inayogusa chakula ni kisichozidi asilimia 0.5. Jaribio hili si cheti. Anayetaka kuuza moldi za kuokea apeleke sampuli kwenye maabara iliyoidhinishwa kabla ya kuandika “salama kwa chakula” kwenye boksi. Silikoni ya bati usiipeleke jikoni hata ioshwe vipi.

Dalili: bidhaa inatoa mafuta, au mnato (uzito wa kumiminika) hautulii

Kwa anayechanganya A na B, mafuta usoni yana sababu ya karibu: uwiano umekosewa, au amezidisha mafuta ya silikoni ya kulainishia. Sahihisha kipimo, yaishe.

Kwa wanaotengeneza polima yenyewe kutoka D4, hapa ndipo penye kiini cha kazi. D4 ni pete ya atomi 4 za silikoni (Si) na 4 za oksijeni zikipokezana. Kichocheo cha asidi au alkali huikata pete na kuiunganisha kuwa mnyororo, lakini hukata vilevile mnyororo na kuurudisha kuwa pete. Mwishowe pande mbili husawazika: takriban asilimia 85 au zaidi kidogo mnyororo, zilizobaki ni pete za D4, D5, D6 na wenzake. Kupika saa kumi zaidi hakubadilishi mizani hiyo. Kuongeza kiyeyushi huharibu zaidi, kwa sababu minyororo ikiwa mbalimbali huishia kujifunga yenyewe.

Sababu ya kwanza ya mafuta kubaki, nayo imeenea kuliko zote, ni kutoa pete kwa ombwe na joto huku kichocheo kingali hai. Unavuta pete, mizani inayumba, kichocheo kinakata minyororo kutengeneza pete nyingine kufidia. Utaona kwenye chupa ya kupokelea: matone hayaishi, na mnato kwenye chungu unashuka badala ya kupanda. Simamisha. Poza, zima kichocheo kwanza, ndipo uvute. Potashi huzimwa kwa asidi kidogo, kama ya fosforiki. Udongo wenye asidi huchujwa. Chumvi za tetramethilamonia hujiua zenyewe zikipashwa kupita 130 hadi 150 °C, na huaga kwa harufu ya samaki, ambayo ni trimethilamini. Harufu ikiisha kabisa, endelea. D4 huchemka kwenye 175 °C na D5 kwenye 210 °C kwa shinikizo la kawaida, kwa hiyo ombwe zuri hukuepusha na joto la kuchoma.

Sababu ya pili ni maji ndani ya D4. Kila molekuli ya maji hukatiza mnyororo na kuacha ncha za Si–OH, mnato unakuwa chini ya hesabu na hubadilika dukani. Kausha kwa kupitisha naitrojeni kavu kwenye majimaji ya moto kabla ya kutia kichocheo, na urefu wa mnyororo uuamue kwa heksamethilidisiloksani uliyoipima, usiuachie unyevu.

Anayetaka pete chache tangu mwanzo atumie D3, pete ya atomi 3 za Si na 3 za oksijeni, na kianzishi cha lithiamu. Pete ya D3 imekazwa, hufunguka kwa pupa, na mmenyuko ukisimamishwa kwa wakati kwa klorosilani, mnyororo haujaanza kujikata. Ni ghali na inadai ukavu wa hali ya juu. Kwa mafuta ya kawaida sioni faida. Kwa polima ya vifaa vya tiba au ya kusafirishwa Ulaya naiona, kwa sababu Umoja wa Ulaya umebana pete hizi: tangu 31 Januari 2020 D4 na D5 haziruhusiwi kufika asilimia 0.1 katika vipodozi vya kuoshwa, na baadaye masharti yakapanuliwa hadi D6.

Acha ukifikiria kuanza nyuma zaidi, yaani kumwagia maji dimethilidiklorosilani ili upate siloksani yako mwenyewe. Kinachotoka ni wingi wa gesi ya haidrojeni kloridi. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye minara ya kuosha gesi na watu waliofunzwa.

Dalili: harufu kali kwenye mafuta yaliyobadilishwa, na rangi ya njano

Wanaounganisha Si–H na polietha yenye alili (kundi lenye kifungo maradufu mwishoni) kwa platini hulalamikia harufu inayokuja wiki kadhaa baadaye. Platini haifanyi kazi moja tu: sehemu ya alili huisogezea kifungo chake maradufu hadi mahali ambapo Si–H haiwezi tena kujiunga nacho. Ndiyo maana viwanda hutia alili ya ziada, na hiyo iliyosogezwa hubaki ndani, ikapata unyevu na asidi kidogo, ikatoa propionaldehidi. Shusha joto, punguza platini hadi kiwango kinachotosha, lisha alili polepole badala ya kumwaga yote. Mwaka 2012 kundi la Paul Chirik wa Chuo Kikuu cha Princeton, pamoja na kampuni ya Momentive, lilichapisha vichocheo vya chuma (Fe) vinavyofanya muungano huu bila kusogeza kifungo hicho. Havivumilii hewa wala unyevu, kwa hiyo karakana ya kawaida isivisubiri.

Rangi ya njano hadi kahawia mara nyingi ni platini iliyozidi, ikajikusanya kuwa chembe ndogo za metali. Haitoki. Mara inayofuata punguza.

Dalili: unga mweupe usoni

Kwa mpira wa peroksaidi ya diklorobenzoili, huo ni asidi ya diklorobenzoiki inayopanda kutoka ndani. Kuupangusa hakusaidii, utarudi. Oka kama ilivyoelezwa juu, au hamia platini.

Dalili: moldi imesinyaa, au imerudi kuwa uji

Silikoni ya bati hupoteza ethanoli, kwa hiyo kusinyaa kidogo ni kawaida. Kazi ya vipimo halisi ipe platini. Uji ni kitu kingine. Moldi ya bati iliyofungwa kwa bamba pande zote na kumiminiwa resini ya moto kabla ethanoli haijatoka hujikata minyororo yake yenyewe. Iache wazi siku 2 au 3 baada ya kushika, kisha saa chache kwenye 60 °C, ndipo uitumie. Ikishalainika katikati haigandi tena. Itoe kabla haijaambukiza kifani, na kama karibu una kazi ya platini, usiiwekee kwenye meza moja.